Ndoto ya Kware

Julai ya Nairobi ni mwezi wa makoti. Jua hutokeza saa nane mchana, likakaa kidogo kama mgeni aliyeacha teksi ikimngoja, kisha wingu hurudi na kufunika kila kitu hadi kesho yake. Mukuru kwa Njenga, ambako paa ni bati na ukuta ni bati, baridi hiyo huingia ndani bila kupiga hodi. Julai ya mwaka 2024 ilikuwa na baridi yake na ilikuwa na mambo mengine pia. Vijana walikuwa barabarani tangu Juni wakipinga Mswada wa Fedha. Bunge lilikuwa limevamiwa tarehe 25 Juni, watu walikuwa wamepigwa risasi, wengine walikuwa wametekwa na jamaa zao hawakujua waliko. Ijumaa tarehe 12 Julai Inspekta Jenerali wa Polisi, Japhet Koome, alijiuzulu. Siku hiyohiyo, kwenye shimo la mawe lililotelekezwa ambalo wenyeji huliita Kware, magunia yalianza kutolewa majini.

Kwa maelezo ya familia moja, aliyewaelekeza pale alikuwa marehemu mwenyewe. Mwanamke mmoja aliwaambia waandishi wa habari kwamba ndugu yake, ambaye alikuwa amepotea, alimjia usingizini akamwomba amtafute kwenye shimo lile. Wakasali. Kisha wakatafuta mtu wa mtaa mwenye moyo wa kuingia kwenye maji yale, naye akaingia. Kilichotoka ni magunia ya nailoni yaliyofungwa kwa kamba. Polisi walitangaza miili sita, yote ya wanawake, yote imekatwakatwa. Siku zilizofuata yalitolewa magunia mengine.

Mtu wa Tanga au Lamu akisikia jina Kware hudhani anaambiwa habari za ndege. Hapa ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe lililopita kinywani mwa Nairobi likatoka na irabu. Mashariki ya jiji yamejaa mashimo ya namna hiyo: mawe yalichongwa yakaenda kujenga mji, shimo likabaki, mvua ikalijaza. Na kwa kuwa lori la taka ni nadra kupita kwenye vichochoro vya Mukuru, shimo likawa jaa. Mifuko, majivu, nywele za saluni, godoro lililooza, mbwa aliyegongwa na pikipiki, vyote huishia mle. Kila mtaa wa mabanda una mahali pake ambapo kitu kikiingia hakuna anayeuliza.

Habari ya ndoto ilikwenda mbio kuliko habari ya magunia. Kwenye matatu za kwenda Pipeline na Imara Daima, kwenye vibanda vya chapati, kwenye foleni za maji, watu waligawanyika upesi. Wapo waliosema damu ya mtu haipotei, na kwamba maiti isiyozikwa haina usingizi wala haimwachii mtu wake usingizi. Wapo waliocheka: mwaka 2024 bado tunapekua mashimo kwa ndoto? Na wapo waliosema kwa sauti ya chini jambo ambalo nadhani ni zito kuliko yote mawili, kwamba ndoto ni njia ya mtu kusema anachokijua bila kuulizwa alikijuaje.

Nilianza kuandika kitabu hiki nikiwa upande wa wanaocheka. Mizuka mingi niliyoifuata ilikufa mapema, mingine ikafa kwa kufungua dirisha tu. Kabla sijarudi Kware, acha nieleze jinsi inavyokufa, kwa sababu anayetaka kujua kwa nini mzuka wa Kware ni wa aina nyingine hana budi kuijua ile ya kawaida.

Chukua chumba cha Mukuru, futi 10 kwa 10, bati pande zote, kitanda, meza, stuli mbili, pazia likigawa jikoni na chumba cha kulala. Mchana kutwa bati limekula jua. Jua likizama, bati hunywea, na linaponywea huvuta misumari yake. Tak. Kimya. Tak-tak. Ukiwa macho husikii, kwa sababu redio ya jirani inaimba na mtoto wa ng'ambo ya ukuta analia. Ukiamka saa tisa usiku mtaa umenyamaza, unahesabu nyayo za mtu anayetembea juu ya paa, na unajua fika kwamba paa lile halimbebi mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kulala miezi kadhaa kwenye chumba cha hivyo, Eastlands, mashariki ya jiji, na usiku wa kwanza nilishika rungu mpaka adhana ya alfajiri. Alikuwa bati, na paka.

Kisha kuna jinamizi. Waswahili tulikuwa na neno la jambo hili kabla madaktari hawajalipima. Unaamka, macho yamefunguka, unaona chumba chako, lakini mkono haunyanyuki na kitu kimekukalia kifuani. Maelezo yake hayana siri kubwa. Katika hatua ile ya usingizi ambayo ndoto hutujia, ubongo huifunga misuli ili tusitekeleze tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Ndoto inaendelea huku macho yanaona, na hofu inampa mgeni umbo. Umbo lenyewe huletwa na mahali. Pemba na Unguja mwaka 1995 lilikuja kama Popobawa, na watu walihama vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka, wakihofia kiumbe kinachoingilia watu usiku. Joe Nickell, mpelelezi wa Kimarekani wa mambo ya namna hii, alipoisoma habari hiyo aliona jinamizi lilelile la duniani kote limevaa mbawa za popo. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyeijua Pemba kwa karibu zaidi, alikataa kuishia hapo. Alitaka kujua pia kwa nini wakati ule, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Kabla hofu haijapoa Zanzibar, kundi la watu lilimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye Popobawa. Hapo ndipo kicheko changu kilipoanza kupungua. Mzuka unaweza usiwepo na bado ukaacha maiti.

Na kuna makaa. Hili nalisema taratibu kwa sababu linaua kila msimu wa baridi. Mama anamaliza kupika, makaa bado mekundu, nje ni Julai, mlango unafungwa na jiko linabaki ndani liwapashe watoto. Makaa yakikosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ikiwa nyingi, hamuamki. Ikiwa kidogo, usiku baada ya usiku, kichwa huuma, mwili hulegea, na watu huanza kusikia na kuona vitu. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Kimarekani, William Wilmer, alichapisha katika jarida la kitabibu kisa cha familia iliyohamia nyumba kuukuu mwaka 1912. Walisikia nyayo, waliona watu wageni vitandani pao, watoto walipauka, hata mimea ya ndani ilinyauka. Mwishowe tanuru la kupashia nyumba joto lilikaguliwa, likaonekana bovu: moshi wake ulikuwa unarudi vyumbani. Likatengenezwa, na mizuka ikahama. Tangu niisome habari hiyo, mtu akiniambia nyumba yake ina kitu, swali langu la kwanza ni: jiko mnaliweka wapi mkilala?

Basi. Bati, jinamizi na makaa vingetosha kuniandikia kitabu chepesi chenye vicheko. Kware ilikataa kuingia humo. Hapakuwa na chumba cha kupima wala tanuru la kukagua. Mtu aliota, watu wakaenda alikoambiwa, na walichokikuta kilikuwa kweli.

Mpelelezi wa mizuka akikutana na ndoto iliyotimia huanza na hesabu. Ndugu akipotea, watu wa nyumbani humuota. Huota yuko hai kijijini, yuko hospitalini, yuko mtoni, anapiga simu isiyosikika. Weka familia 100 zenye jamaa waliopotea, kila moja ikiwa na watu watano wanaomkumbuka kila usiku kwa mwezi mzima. Hizo ni nafasi 15,000 za kuota. Ndoto 14,999 zikikosea, hakuna mwandishi wa habari atakayeitwa kuziandika. Moja ikigonga, nchi nzima itaijua kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Hesabu hiyo ni sahihi, na kwa Kware inasema kidogo sana. Hesabu ya bahati ina maana pale ambapo mahali palipotajwa ni pamoja tu kati ya maelfu. Mtu aliyepotelea Mukuru anaweza kutafutwa wapi? Hifadhi ya maiti ya City, vituo vya polisi, Mto Ngong unaopita pembeni mwa vitongoji hivi, na shimo. Orodha haifiki vidole vya mkono mmoja. Mtu anayeijua Kware, anayejua kinachotupwa mle, ambaye siku kadhaa amezunguka na picha ya nduguye mkononi, ameshafika shimoni kwa mawazo mara nyingi kabla hajalala. Kichwa cha mchana hukataa wazo hilo kwa sababu kulikubali ni kukubali kwamba amekufa. Usiku hakuna anayekataa.

Kwa hiyo sioni muujiza kwenye ndoto ile, na sioni uongo pia. Naona mtu aliyejua bila kutaka kujua, na hilo si jambo la ajabu kwa yeyote aliyewahi kumngoja mtu asiyerudi. Nakiri kwamba hapa nakisia. Sikuwa ndani ya kichwa chake, na wala sina haki ya kumwambia mfiwa ndoto yake ilitengenezwa na nini. Ila naweza kuonyesha kwamba jambo hili limewahi kutokea kwingine, karibu neno kwa neno, tena penye kumbukumbu za mahakama.

Kijiji cha Polstead, Uingereza. Mei 1827 msichana Maria Marten aliondoka nyumbani kukutana na mchumba wake, William Corder, kwenye ghala lililoitwa Ghala Jekundu. Wangetoroka wakaoane. Hakuonekana tena. Corder alikuwa akiandika barua kwamba wako salama Isle of Wight, mara mkono wa Maria unauma hawezi kuandika, mara barua zake zimepotea njiani. Miezi ikapita. Kisha mama wa kambo wa Maria akasema ameota, zaidi ya mara moja, kwamba binti ameuawa na kuzikwa sakafuni mwa ghala lile. Tarehe 19 Aprili 1828 baba yake, mtega fuko wa kijijini, alienda na vifaa vyake, akachoma ardhi pale palipokuwa laini, akamkuta. Corder alinyongwa Agosti mwaka huohuo mbele ya umati mkubwa, na Uingereza nzima ikazungumzia ndoto.

Sasa soma tena. Familia ilijua kwamba mahali pa mwisho Maria alipokwenda ni Ghala Jekundu. Ilijua barua hazieleweki. Kwa karibu mwaka mzima hakuna aliyekwenda na jembe, kwa kuwa Corder alikuwa mwana wa mkulima mwenye mali na mtega fuko alikuwa mtega fuko. Wenye shaka wa wakati ule walimgeukia mama wa kambo, wakanong'ona kwamba alijua zaidi ya alivyosema. Labda. Mimi linalonishika zaidi ni kwamba mzee yule hakuhitaji ndoto ili ajue pa kuchimba. Alihitaji ruhusa ya kuchimba.

West Virginia, Marekani, Januari 1897, ni hivyohivyo. Zona Heaster, bibi harusi wa miezi michache, alikutwa amekufa kwake. Mumewe, fundi wa vyuma aitwaye Shue, aliuvika mwili nguo yenye kola ndefu, akakaa kichwani pake, na daktari alipotaka kutazama shingo akamzuia. Akazikwa. Mama mtu akaenda kwa mwendesha mashtaka na kusema bintiye amemjia usiku nne mfululizo, akamwonyesha jinsi shingo yake ilivyovunjwa. Kaburi lilifukuliwa Februari, shingo ikakutwa imevunjika, na Julai mume akahukumiwa kifungo cha maisha. Kinachosahauliwa ni mambo ya mahakamani: mwendesha mashtaka alijitahidi kutomgusa mzuka hata kidogo. Wakili wa mshtakiwa ndiye aliyemtaja, akitaka baraza limcheke mama wa watu. Halikucheka.

Mama yule alikuwa amemshuku mkwewe tangu siku ya mazishi. Angesema tu, "Namshuku," angeambiwa pole mama, machungu yatapungua. Aliposema, "Amenijia," watu walikaa wakasikiliza.

Narudi nyumbani. Kituo cha polisi nchini Kenya kina kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu hukiita OB. Ukipoteza simu unaandikisha OB. Ukipoteza mtu pia unaandikisha OB, ingawa wengi bado huamini, au huambiwa kaunta, kwamba lazima saa 24 zipite kwanza. Ukishaandikisha unapewa namba, na kwa familia nyingi za mabandani namba hiyo ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho. Baada ya hapo ni miguu yao: hospitali, hifadhi ya maiti, seli, bango lenye picha kwenye nguzo ya stima. Wanaotafuta ni akina mama na dada. Wanaolipa mzamiaji ni wao. Julai 2024 hata magunia yenyewe, mengi yalivutwa nje na vijana wa mtaa, bila glavu za maana, huku umati ukitazama ukingoni.

Na umati ule haukuwaamini polisi. Wiki hizo za utekaji, watu wengi walidhani waliotupwa shimoni ni vijana wa maandamano. Kelele zikapanda, mabomu ya machozi yakarushwa. Kaimu Inspekta Jenerali mpya, Douglas Kanja, alitangaza kwamba maafisa wote wa kituo cha karibu wanahamishwa. Mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ikataja umbali kati ya kituo na shimo, chini ya mita 100, na ikasema inachunguza kama maafisa walihusika au walizembea.

Jumatatu ya tarehe 15, mkuu wa upelelezi Mohamed Amin akatokea na Kanja mbele ya kamera wakiwa na jibu. Mshukiwa alikuwa amekamatwa usiku wa fainali ya Euro, karibu na baa moja huko Soweto, Kayole. Walimfikia, walisema, kupitia muamala wa fedha za simu uliofanywa kwa laini ya mmoja wa wanawake waliopotea. Na alikuwa amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022, wa kwanza akiwa mkewe.

Wenye shaka waliomcheka mwota ndoto Ijumaa, wengi wao waliimeza 42 Jumatatu bila maji. Mimi nataka kipimo kiwe kimoja. Ndoto ilisema: nendeni shimoni, mtakuta mtu. Watu wakaenda, wakakuta. Maungamo yalisema: 42. Magunia yaliyokuwa yametolewa wakati huo hayakukaribia idadi hiyo. Wakili wa mshukiwa alidai mteja wake aliteswa ili akiri. Siwezi kusema yupi mkweli. Nasema tu kwamba mpelelezi wa mizuka angetumia taratibu zake za kawaida, yaani nani alisema, akiwa katika hali gani, nini kinaweza kupimwa, angeiweka ndoto na maungamo kwenye meza moja.

Kuna sababu ya watu wa Eastlands kuwa wagumu kwa hadithi za serikali. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, kuhusu uvumi wa wanyonya damu Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Pwani waliitwa mumiani. Nairobi waliitwa wazimamoto: watu wa gari la kuzima moto, ambao, kwa masimulizi aliyoyakusanya, walikuwa wakiwakamata Waafrika usiku, pamoja na wanawake wa Pumwani waliolala peke yao, wakawatoa damu. Angeweza kuuliza kama ilikuwa kweli na akafunga kitabu ukurasa wa pili. Aliuliza watu walikuwa wanasema nini walipokuwa wakisimulia hivyo, na akasikia habari za mji ambao mwenye sare na gari la serikali anaweza kukuchukua na usionekane tena.

Miongo kadhaa baada ya uvumi huo mambo yaligeuka kichekesho. Mwaka 2021 kijana Masten Wanjala alikamatwa kwa mauaji ya watoto, na idara ya upelelezi yenyewe ndiyo iliyoutangazia umma kwamba ni mnyonya damu, kwamba alikuwa akizinyonya damu za watoto kabla ya kuwaua. Oktoba mwaka huo mnyonya damu alitoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, katikati ya Eastlands, akionekana mara ya mwisho kwenye ukaguzi wa mahabusu. Siku mbili baadaye umati ulimuua kwao Bungoma. Mahakama haikupata nafasi ya kupima lolote kati ya yaliyosemwa, na hadithi ya damu imebaki ilivyoachwa na polisi.

Kwa hiyo tarehe 20 Agosti 2024, redio zilipotangaza kwamba mshukiwa wa Kware ametoroka kituo cha Gigiri pamoja na raia 12 wa Eritrea waliokuwa wakishikiliwa kwa makosa ya uhamiaji, watu wa Mukuru hawakushangaa sana. Wavu ulikuwa umekatwa. Iligunduliwa wakati wa kupeleka chai ya asubuhi. Gilbert Masengeli, aliyekuwa akikaimu kiti cha Inspekta Jenerali, alisema dalili zilionyesha kulikuwa na msaada wa ndani, na maafisa wanane wakasimamishwa kazi. Gigiri, kwa asiyejua, ndipo yalipo makao ya Umoja wa Mataifa na balozi kubwakubwa. Ni miongoni mwa mitaa inayolindwa kuliko yote nchini.

Mtu anayepita ukuta, anayeonekana kisha haonekani, ambaye vyuma havimshiki: tukisikia hivyo kijijini tunajua tunasimuliwa nini. Safari hii msimulizi alivaa kofia ya serikali. Na mtaani watoto wakaanza kuitwa ndani mapema, kwa sababu mama hawezi kungoja uchunguzi ukamilike ndipo afunge mlango. Akiufunga, jiko likiwa ndani, tunarudi kwenye makaa.

Nimeulizwa mara nyingi, tangu nianze kuisimulia habari hii, kama ninaamini ile ndoto. Nimejaribu majibu kadhaa. Siku hizi namwuliza anayeuliza kitu kingine. Magunia yale hayakuingia majini siku moja. Yalibebwa, usiku au mchana, na mtu au watu waliopita vichochoroni ambako majirani wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu ili mwingine apite. Maji yalikuwa na harufu, na wakazi wakaisingizia taka. Nani alipita pale kila siku akiwa na tochi, buti na kitabu cha kuandikia? Hilo ni swali lenye jibu, na jibu lake halihitaji usingizi.

Miili ilipelekwa City, ambako mwanapatholojia mkuu wa serikali, Johansen Oduor, aliongoza upasuaji, na familia zilizopotelewa zikaja kutoa sampuli za vinasaba zilinganishwe. Zilikaa kwenye mabenchi na makoti yao ya Julai, kila moja na bahasha yake ya picha. Nadhani kwenye mabenchi yale kulikuwa na ndoto nyingi ambazo hakuna aliyezisimulia.

Jioni moja, nikiwa nimekwama katika sura hii, nilitoka nje nikapima mita 100 kwenye barabara ya mtaani kwangu, kutoka langoni hadi kibanda cha muuza mayai. Nilitembea bila haraka, nikasimama mara moja kumsalimu jirani. Nilifika kabla sijamaliza dakika mbili, na nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha mayai niliweza kulisikia lango langu likifungwa.